Maswali ya barazani: hamu, uvivu na kuishi siku zako vizuri

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tunakaa barazani kwangu hapa Langoni, Lamu, tukisuka ukili, ule utepe wa majani ya kushonea mikeka na mikoba. Tulianza wanawake wanne. Siku hizi huja na vijana wa kiume, wanaojifanya wamepita kuulizia mahamri ya kesho, kisha wakakaa mpaka magharibi. Mikono ikishapata kazi midomo hufunguka, na maswali yanayotoka ni yale yale kila wiki. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo, kwa hiyo nimeyaandika.

Mimi si daktari wala shekhe. Asubuhi nachoma mahamri, jioni nasuka, na kabla ya hapo nilisomesha gumbaru, masomo ya watu wazima, kwa miaka tisa. Baadhi ya majibu nimeyapata kwa kusoma. Mengine nimeyapata kwa kuanguka.

Nitaipata wapi hamu ya kuanza?

Hili ndilo linaloongoza, kwa hiyo niwieni radhi nikirefusha.

Mwaka 2019 nilikuwa na kiduka cha vikoi na mikoba ya ukili, na walionilisha hasa ni wageni. Machi 2020 Corona ikaingia Kenya, mwezi huo huo ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa, na mji ukanyamaza. Mwenye nyumba alitaka kodi yake, na haki yake. Nikafunga. Miezi minne nililala. Naamka nasali, narudi kitandani. Kila aliyenijia aliniambia nijipe moyo, nami kila nikiutafuta huo moyo wa kujipa siuoni.

Mama yangu hakuniambia kitu. Yeye tangu nilipokuwa mdogo alikuwa na ada yake: pima moja ya ukili kila siku baada ya alasiri. Pima ni mikono miwili ukiinyoosha, kutoka ncha ya kidole hiki hadi ncha ya kile. Siku moja akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniwekea pajani ukili wake ulioachwa katikati, miyaa, yale majani ya kusukia, bado imesimama huku na huku kama miguu ya kaa. "Nishikie, mwanangu, naenda kutia chai." Sasa ukili ambao haujafungwa, ukiushika bila kuusuka, unalegea, na ukilegea unafumuka. Mwenye kuushika hana budi kusuka. Mama akakaa jikoni nusu saa. Chai gani hiyo ya nusu saa! Aliporudi nilikuwa nimesuka shibiri mbili, na niliona ukingo wa kushoto umeanza kupinda, nikamwambia asiuchukue kwanza mpaka niunyooshe.

Nilipoupokea sikuwa na hamu hata chembe. Ilinijia pale kwenye ule ukingo uliopinda.

Tangu siku hiyo anayeniuliza hamu iko wapi namwambia aache kuitafuta. Ashike kazi, ashike kidogo, itamkuta humo. Unataka kurudi kusoma Kurani? Fungua msahafu, soma aya tatu, ukitaka kufunga funga. Unataka kuweka hesabu za duka lako? Andika mauzo ya leo tu, usianze kukumbuka ya mwezi uliopita. Chumba kimekushinda? Kunja kanga moja. Ukiona hata hiyo nayo inakushinda kila siku, soma swali la uchovu huko chini, maana hilo ni jambo lingine.

Ni kweli kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21?

Hapana, na hesabu hii imewavunja moyo watu wengi. Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Watu wakalibeba lile 21, lile "angalau" wakaliacha njiani.

Baadaye Phillippa Lally na wenzake wa University College London wakawafuatilia watu 96, kila mmoja na tabia yake ndogo mpya ya kula, kunywa au mazoezi. Wastani ulikuwa siku 66. Wa haraka alifika kwa siku 18. Wa mwisho alikadiriwa atahitaji 254. Na jambo ninalolipenda zaidi katika utafiti huo: aliyekosa siku moja hakuharibu kitu. Kesho yake aliendelea pale pale alipokuwa.

Kwa hiyo kama wiki ya nne imefika na bado unajivuta, wewe ni mtu wa kawaida.

Kila nikianza naacha baada ya wiki mbili. Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Umepanga mambo yako kwa maji ya bamvua.

Mtoto wa kisiwani hafundishwi hili: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa mpaka yakalamba ukuta na hupwa mpaka mashua zikalala ubavu. Katikati yake kuna maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Watu wengi huanza mambo siku moyo umejaa bamvua. Ramadhani inaingia, kila mtu anasoma juzuu kwa siku, anaamka usiku, haachi tarawehe. Idi ikapita, msahafu ukarudi rafuni mpaka mwakani. Aliyepanga juzuu nzima hakuiwekea hesabu siku ya maji mafu, na siku hiyo haikosi kuja.

Tazama boti za abiria zinazokwenda Faza. Njia ya ndani, ule mlango wa Mkanda kati ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa. Yakipwa unabaki mkondo mwembamba, tope na mikoko. Sijamwona nahodha akisimama gatini akijilaumu kwamba Mkanda umekauka. Anajua maji yanajaa saa ngapi, anajua kesho yatachelewa kama dakika hamsini, na safari anaipanga kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo jiwekee vipimo viwili. Mimi siku njema nasuka pima. Siku mbaya, shibiri. Shibiri nayo ni siku, naihesabu. Kijana mmoja wa Mkomani anayejifunza kuchonga milango alicheka nilipomwambia hivi, akasema fundi wake hakubali shibiri. Nikamwambia kazi ya fundi ni ya fundi. Hii ni ile ya nyumbani unayojifundisha mwenyewe. Siku hizi siku mbaya ananoa patasi tu. Mwezi huu hajaacha.

La pili: mpe huyo mgeni mwenyeji. Tabia mpya ikikaa peke yake hewani hupotea, ifunge kwenye jambo ambalo tayari hulikosi. Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer ametafiti hili miaka mingi: mtu anayesema "nitafanya mazoezi" huachwa mbali na anayesema "nikishamaliza kitu fulani, hapo hapo nitafanya kitu fulani." Sisi huku tumepewa nguzo tano za siku bila kutafuta. Nikishatoa salamu ya alfajiri, navaa viatu. Basi, sijiambii nitatembea. Najiambia nitavaa viatu. Nikishavaa siwezi kukaa navyo ndani, mama atanicheka. Kutoka hapa mpaka Shela kwa njia ya ufukweni ni kama kilomita tatu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumpandisha pumzi kidogo, kwa hiyo safari tatu za kwenda na kurudi zimeshatosha na kubaki. Uangalie maji tu. Yakijaa njia hufunikwa sehemu fulani, utarudi na viatu mkononi.

Simu inanimaliza. Nifanyeje?

Ilale chumba kingine. Sijapata dawa bora, na nimejaribu nyingi. Kama unaitumia kuamkia, nunua saa ya mezani, au mtegemee muadhini. Kwa mji wenye misikiti kama huu wetu utaamka tu.

Wenzangu wote wametoka, mimi nimebaki Lamu. Nimeshindwa maisha?

Muulizaji wa mwisho wa swali hili alikuwa dada wa miaka 29. Wenzake watatu wako nchi za Ghuba, mmoja Mombasa, mmoja Nairobi. Kila usiku anazitazama picha zao. Nilimuuliza: yule wa Ghuba aliposafiri, mtoto wake alimwachia nani? Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi." Anamlea mwaka wa tatu sasa. Anampeleka chuo cha Kurani, anamchana nywele, ndiye anayejua kwamba hali papa ila akisagiwa. Na bado anajiona amekaa bure.

Simsemi aliyesafiri. Nyumba ngapi hapa zimepigwa lipu kwa pesa za Ghuba, tunazijua. Ninachosema ni kwamba picha hupigwa siku ya mshahara. Hakuna anayejipiga picha akilia bafuni, mlango umefungwa, maji yamefunguliwa ili mwenye nyumba asisikie. Ukilinganisha siku zako zote na siku moja moja za mwenzako, utashindwa hata kama wewe ni sultani wa Pate.

Kama kweli unataka kutoka, toka. Panga, weka nauli, uliza wakala kama amesajiliwa, usikabidhi pasipoti yako kwa mtu wa barazani. Kama unataka kutoka kwa sababu tu unaona haya kubaki, subiri kwanza.

Kazi hakuna. Kwa nini mnatwambia tujitahidi?

Umesema kweli na sitakudanganya. Kuna mambo hayatatuliwi kwa hamu. Watu wa "ukitaka utaweza" mimi hunichosha, kwa sababu neno hilo likigeuzwa upande wa pili linasema kwamba asiyeweza hakutaka, na huo ni uongo unaomwumiza maskini mara mbili. Gati la kwanza la bandari mpya kule Kililana lilizinduliwa Mei 2021. Nawajua vijana waliochukua kozi wakingojea ajira za bandari, na bado wanangoja. Hawakukosa bidii. Mvuvi aliyekuwa akitega pale karibu na sasa lazima aende mbali kwa mafuta ya bei hii, yeye naye hakukosa bidii.

Kwa hiyo sikwambii jitahidi na kazi itakuja. Nakwambia kungoja nako ni kazi, na kuna namna mbili za kungoja. Mmoja anangoja amelala, na zikija nafasi hajui hata cheti chake kiko sanduku gani. Mwingine anangoja huku anashona kofia. Mmewaona wazee na vijana wetu walivyo: amekaa barazani, anazungumza siasa kutwa nzima, na sindano haisimami, tobo baada ya tobo, anazungushia uzi pembeni mwake. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Ukimwuliza atakwambia hana kazi. Lakini mwisho wa miezi hiyo ana kofia ya kuuza, na ana kitu cha kujibu akiulizwa alikuwa akifanya nini.

Na kudai haki yenu, hilo nalo ni jambo la kufanya. Mikutano ya ushirikishaji wa umma kaunti ikiitisha, nendeni. Mara nyingi nakuta viti vitupu.

Nina miaka 45. Si nimechelewa?

Umechelewa nini? Kuolewa na mwanasoka?

Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwezi Januari 2004, akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta karo za shule za msingi mwaka 2003. Alivaa sare, soksi ndefu na kaptula. Alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake. Alifariki 2009, hakuwahi kumaliza shule ya msingi, na sijawahi kusikia mtu akisema kwa hivyo alipoteza wakati.

Katika gumbaru yangu nilikuwa na bibi aliyekuja kwa lengo moja: ajue kusoma jina la anayempigia simu, kabla ya kupokea. Alikuwa na mkwe ambaye hapendi kuzungumza naye. Ilimchukua wiki sita. Hakurudi tena darasani, na kusema kweli namwelewa.

Watu watasema nini?

Watasema. Huu ni mji ambao punda akibadilisha mwenyewe asubuhi, adhuhuri Shela wanajua bei.

Nilipoanza kuuza mahamri baada ya kufunga duka nilikuwa nikiyapeleka kwa kificho, alfajiri, buibui nimelivuta mpaka puani, kwa nyumba tatu tu za jamaa. Niliona haya: jana mwenye duka kwenye njia kuu, Usita wa Mui, leo mchoma mahamri. Wiki ya pili jirani akanisimamisha njiani, njia zetu unazijua, punda akipita binadamu hujibana ukutani, hakuna pa kukimbilia. Akaniambia, "Kwani mahamri yako ni ya magendo? Mbona mimi huniuzii?" Alikuwa amejua siku ya kwanza, kwa harufu. Mji mzima ulikuwa umejua kwa harufu. Iliki huwezi kuificha ndani ya buibui.

Kesho yake nikaweka meza nje. Waliosema walisema kwa muda, halafu ikaja harusi moja kubwa na watu wakapata la kusema jingine. Kwa hesabu yangu, maneno ya mji wetu hudumu mpaka harusi inayofuata.

Kuna tofauti, lakini, kati ya watu na mtu. Mtu mmoja anayekupenda akikukalisha chini akakuonya, sikiliza. "Watu" hawana masikio ya kukusikiliza nawe.

Kwani si kila kitu ni kudura? Kuna haja gani ya kujihangaisha?

Swali hili huja na wale wanaotaka kulala tena kidogo. Yule Bedui alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaambiwa mfunge, kisha utawakali. Hapa hatuna ngamia ila wa picha za watalii, lakini punda tunao kwa maelfu, na sijaona anayemwacha punda wake kwenye bustani ya mwenzake akisema ni kudura. Zaidi ya hapo waulizeni mashekhe.

Nimechoka siku zote, sina raha na kitu. Je, huu ni uvivu?

Hapa nawaomba msome polepole.

Mvivu ana raha. Hiyo ndiyo alama yangu. Mvivu halisi, mwachie kazi na umpe kahawa na kashata, utamwona anavyong'aa. Mtu ambaye hata kashata haina ladha tena, hata mjukuu akija kumkumbatia hasikii kitu, huyo simwiti mvivu.

Anza na mwili. Upungufu wa damu, ambao wanawake wengi tunatembea nao bila kujua, humfanya mtu achoke kama aliyebeba mawe. Kisukari nacho, na tezi ya shingoni ikilegea. Vipimo ni vya kawaida, nenda ukapimwe damu kabla ya kujitukana.

Kisha angalia moyo. Madaktari husema hivi: ukiwa na huzuni au umepoteza raha ya mambo karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, chakula hakipiti au kinapita kupita kiasi, akili haitulii, unajiona huna thamani, basi huenda ni ugonjwa wa sonona. Unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Nenda Hospitali ya King Fahd hapa mjini au kituo kilicho karibu nawe, useme wazi. Dua na ruqya, kile kisomo cha kumwombea mgonjwa, ziendelee, hakuna anayekukataza. Mama yangu alinisomea kila usiku, na mimi nikaenda hospitali mchana.

Na ikiwa mawazo ya kutaka kufa yamekujia, mwambie mtu leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Ikiwa ni mtu wako ndiye aliyesema, usimkemee wala usimwambie ni kufuru. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa dawa za wadudu na vidonge ndani ya nyumba, umsindikize hospitali kwa mkono. Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria yetu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Unakwenda kama mgonjwa.

Ile miezi yangu minne, sasa najua ilikuwa na jina.

Mwanangu amekata tamaa. Nimwambie nini?

Kidogo iwezekanavyo. Wazazi tunapenda kuhutubu. Baba mmoja alikuja hapa akalalamika kwamba amemwambia mwanawe mara mia. Nikamuuliza, "Na yeye amekwambia mara ngapi?" Akakaa kimya, akachukua uti wa mwaa akaanza kuuchana kwa ukucha, vibaya kabisa, akaniharibia miyaa.

Mpe kitu mkononi. Mwite akusaidie kushusha tanga, kubeba gunia, kumpeleka punda maji. Watoto wa kiume hasa hawazungumzi mkitazamana usoni. Huzungumza mkiwa mnatazama upande mmoja, baharini au kwenye injini iliyoharibika. Akisema, usijibu haraka. Na usimlinganishe na mtoto wa nduguyo. Mtoto wa nduguyo naye ana mambo ambayo nduguyo hakwambii.

Hizi video za kutia moyo zinasaidia?

Kama sukari kwenye chai. Tatizo ni pale mtu anapokunywa sukari peke yake. Ukimaliza video moja, funga, fanya jambo moja. Ukifungua ya pili, umekwisha.

Kupumzika ni dhambi?

Nani kakwambia? Nenda kakae mbele ya bahari jioni, utazame majahazi yakirudi. Usifanye kitu. Usipige picha.

Kuishi kikamilifu ni nini hasa?

Mzungu mmoja mgeni wangu aliwahi kuniuliza hili kwa Kiswahili chake kizuri, na nikashindwa kumjibu, kwa sababu "kikamilifu" kwetu ni neno la hesabu au la dini. Nikamwambia nitafikiri.

Tangu mwaka 1938 watafiti wa Harvard wamekuwa wakiwafuatilia wanaume 724, wengine wasomi wa chuo hicho na wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston, mwaka baada ya mwaka, mpaka wengi wakazeeka na kufa. Sasa wanawafuatilia watoto wa wanaume hao. Wamepima damu, wamehoji wake, wamesoma faili za hospitali. Walichokikuta ni kwamba kitu kilichobashiri vizuri afya na furaha ya uzeeni ni uhusiano wa mtu na watu wake, kuliko mali au umaarufu. Nilipolisoma nilicheka kidogo. Miaka yote hiyo na fedha zote hizo! Wangekuja kuuliza kwenye khitma yoyote ya Langoni.

Lakini nisijivune, kwa sababu sisi nasi tunalijua jambo hilo na hatulifanyi. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mzee, fundi wa zamani wa majahazi kutoka Matondoni, aliyeletwa na wanawe akae mjini karibu na hospitali. Wiki mbili nilipita mlangoni kwake kila asubuhi na sinia ya mahamri, nikisema nitaingia kesho. Siku nilipoingia alinishika mkono akasema, "Yeo umekuya." Leo umekuja. Kumbe alikuwa akisikia viatu vyangu vikipita kila siku, na akivijua.

Sasa kituo changu cha kwanza ni kwake. Anakula moja, hachukui la pili, na ananieleza namna ya kukalafati chombo, pamba inavyoingizwa kwenye maungo ya mbao na kugongwa, kazi ambayo mimi sitaifanya maishani. Nimeshaijua yote.

Jumamosi nije na nini?

Kisu kidogo, na miyaa iliyokaushwa na kuchanwa kama unayo. Kama huna, ipo. Wageni huanza na ukili mwembamba. Ukija kabla ya saa kumi utanikuta bado nasali, kaa barazani, usibishe hodi. Na asiyejua kusuka aje hivyo hivyo, kuna wa kutia kahawa.